Uchovu wa Bi Ghaniya

Alkhamisi moja, baada ya sala ya adhuhuri, Bi Ghaniya alipitiwa na usingizi akiwa amesimama jikoni kwake, Birkat al Mauz, Omani, mikono yote miwili imo ndani ya bakuli la unga wa chapati. Macho yake yalikuwa wazi. Vidole viliendelea kukanda kwa mazoea, na unga ulikuwa unakwenda vizuri. Ulikuwa unga mwingi, kwa sababu Alkhamisi ndiyo siku ya watoto kuja: mwanawe Aflah na mkewe kutoka Maskati, na binti yake Azza na wanawe kutoka Nizwa, wote na njaa, na wote na mifuko ya nguo chafu. Aflah alikuwa na mashine ya kufulia kubwa kuliko ya mamake, lakini aliamini kuwa nguo zikifuliwa nyumbani kwao hunukia vyengine.

Mumewe, Khelef, akaingia jikoni. Huyu alistaafu wizarani akiwa na nguvu zake zote, na tangu siku hiyo hakuwahi kuzigusa.

"Ghaniya. We Ghaniya. Miwani yangu iko wapi?"

"Kipajini pako," Bi Ghaniya alijibu, bila ya kuamka.

Khelef akaishusha miwani, akamtazama mkewe vizuri kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani, akaona kuwa amelala. Jambo hili lilimkera, maana chapati zingechelewa. Alisimama pale akifikiri, na alipomaliza kufikiri aliamua kuwa mkewe anaumwa.

Wakenda kituo cha afya. Daktari, kijana mpole, alimpima Bi Ghaniya damu na presha, akamtazama ulimi na kucha, akasema damu yake nzuri kabisa.

"Nani anakusaidia nyumbani, mama?"

"Sote tupo," Khelef akajibu kwa niaba yake.

Daktari alimtazama Khelef, kisha akaitazama mikono ya Bi Ghaniya, akasema mama apumzike. Njia nzima ya kurudi Khelef alinung'unika. Serikali inasomesha watu mpaka ng'ambo, alisema, halafu mtu anakaa kwenye kiti cha kuzunguka anakwambia pumzika, utadhani kupumzika ni dawa. Bi Ghaniya hakuyasikia yote. Alikuwa amelala tena, mkanda wa gari umemshikilia asianguke.

Kwa hivyo akaitwa Marzouq.

Marzouq alikuwa binamu yake Khelef. Ujanani alikaa India mwaka mmoja akisomea jambo ambalo hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kulijua jina lake, akarudi na mkoba wa ngozi, na tangu hapo akiitwa Daktari na wale waliokuwa hawaumwi. Alikuwa akiuza dawa aliyoitengeneza mwenyewe, jina lake Rahat al-Badan, yaani raha ya mwili. Ilikuwa ndani ya chupa ya kahawia, na karatasi yake ilikuwa na picha ya mlima, ua la waridi, na mwanamke wa Kizungu anacheka huku amekumbatia komamanga. Chini ya mwanamke paliandikwa kuwa dawa inatibu uchovu wa neva, damu dhaifu, moyo kwenda mbio, kukosa hamu na kulia bila ya sababu. Ilikuwa na sukari, rangi, na harufu ya mawaridi ya Jabal Akhdar, jabali lililo juu ya mji wao. Watu wa Jabal Akhdar wenyewe, wanaoyalima hayo mawaridi, walikuwa hawainywi.

Marzouq alikaa sebuleni, akala halwa, akaeleza maradhi ya Bi Ghaniya bila ya kumuona. Bi Ghaniya alikuwa nyuma ya pazia na sinia ya matunda, akasikiliza.

"Neva ni kama nyaya za umeme," Marzouq alisema. "Za mwanamke ni nyembamba. Damu ikiwa nyepesi haizipozi, zinaungua. Ndio maana analala ovyo. Kijiko kimoja baada ya alasiri, na uchovu wote utatoka. Wallahi utautoka mwili kama jasho."

"Na chapati?" Khelef akauliza.

"Chapati ataendelea nazo tu."

Mama yake Khelef, Bi Kaltham, alikuwa chumba cha ndani. Alikuwa mtu wa kitandani miaka mingi sasa. Bi Ghaniya ndiye aliyekuwa akimgeuza, akimkosha, akimlisha uji na kumsomea Yasini. Kizee hiki kilizaliwa Unguja mjini na masikio yake yalikuwa mazima.

"Hata kwetu zilikuwepo," akasema kutoka kitandani, kwa sauti ya kufika sebuleni. "Pale Hurumzi, kwa Mhindi mmoja. Maji mekundu ndani ya chupa, na picha ya mtu kamshika simba. Mama yangu akinywa asubuhi na jioni mpaka meno yakawa mekundu. Akafa mchovu vile vile, masikini ya Mungu. Ghaniya, njoo unigeuze."

Bi Ghaniya akaweka sinia, akenda kumgeuza.

Akaanza kunywa dawa. Ilikuwa tamu kupita kiasi. Siku za mwanzo hapakuwa na kitu isipokuwa nyuki waliomfuata mpaka kwenye migomba, alipokwenda kufungulia zamu ya nyumba yao ya maji ya falaji, mfereji wa kumwagilia mashamba. Zamu hiyo ilikuwa ya Khelef kwa urithi. Khelef aliipenda sana na alikuwa akiizungumzia kwa watu, lakini kuamka kuifungulia hakuwezi, kwa sababu ya mgongo.

Kisha asubuhi moja, Bi Ghaniya alipokuwa anakunja msala, alisikia kitu kinamfunguka mgongoni, kama vifungo vya nguo iliyombana, kuanzia shingoni kikishuka hadi kiunoni, na uchovu wake ukatoka. Ukasimama nyuma yake kidogo, umeshika ukuta, halafu ukakaa ukingoni mwa kitanda. Ulikuwa sawa naye kwa kila kitu. Ulivaa kanga ile ile, na mkononi ulikuwa na lile kovu la mafuta ya sambusa. Macho tu ndiyo yalikuwa mbali, yamezama ndani mithili ya alama za vidole kwenye unga.

"Sabalkheri," Bi Ghaniya alisema.

"Sabalkheri," uchovu ukajibu. "Nnakaa kidogo tu."

Bi Ghaniya akaupa chai na mkate wa ufuta uliobaki. Kisha akapanda juu ya paa kuanika nguo na akateremka, na hapo ndipo alipotambua kuwa hakushika ukuta. Akapanda tena kwa hiari yake. Jabali lilikuwa pale pale lilipokuwa siku zote, jekundu upande wa jua, na magari ya watalii yanalipanda kwenda kwenye mahoteli ya juu. Miaka yote ile alianika nguo mbele yake na hakuwahi kuliona, kwa sababu mtu aliyechoka hutazama vibanio. Alisimama hapo mpaka nguo zikaanza kukauka.

Khelef alipoamka aliukuta uchovu umekaa barazani.

"Ndio huo?" akauliza.

"Ndio huo," alisema Bi Ghaniya.

"Marzouq alisema utatoka." Akauzunguka mara moja, kama mtu anayetazama mbuzi soko la Nizwa. "Mbona mkubwa hivi? Unakula?"

"Umekunywa chai."

"Haya, alhamdulillahi," Khelef akasema, akenda kutafuta gazeti.

Nyumba nyengine zilizonunua dawa pia uchovu ulitoka. Jirani yao Ahlam, aliyekuwa mhasibu mchana na mama wa pacha saa zote, wake ulimtoka ndani ya lifti, na mlango ulipofunguliwa wakatoka wawili. Wa mwalimu mmoja uliketi nyuma ya darasa mpaka wanafunzi wakauzoea. Kwa kuwa neno uchovu halina wingi, watu walikosa namna ya kusema zilipokuwa nyingi, wakaanza kusema wale wachovu. Siku za mwanzo wachovu walikuwa wakienda kukaa ukingoni mwa falaji, chini ya mitende, miguu imo majini, hakuna anayesema na mwenzake. Watalii walisimamisha magari wakawapiga picha, wakidhani ni mila.

Wanaume nao walikunywa. Khelef alimaliza chupa nzima, akajifungia sebuleni akingoja uchovu wake utoke. Alikuwa ameshauandalia mto. Kilichotoka ni upepo. Ikawa hivyo hivyo kwa wanaume karibu wote wa mtaa ule, na Marzouq, alipoulizwa, alieleza kuwa neva za mwanamume zimelala ndani zaidi. Akawapa chupa kubwa.

Pale nyumbani, uchovu wa Bi Ghaniya haukudumu kukaa. Asubuhi moja Bi Kaltham aliita, "Ghaniyaa!" na kabla Bi Ghaniya hajaweka chini kikombe chake, uchovu ulikuwa umeshanyanyuka. Ulikwenda kwa mwendo wa kuburura, ukamgeuza kizee, ukamkosha, ukamfunga nguo safi. Ukapita jikoni, na kwa kuwa sufuria ilikuwa pale na mchele ulikuwa pale, ukapika. Bi Ghaniya alibaki barazani, mikono imelala mapajani mwake. Hakuwahi kuiona mikono yake imelala. Aliitazama kwa muda, akaona kuwa ni mizuri.

Siku zile watu wa nyumbani bado walikuwa wakisema "huo". Huo umepika. Huo uambie ulete maji. Wajukuu, watoto wa Azza, ambao Kiswahili chao kilikuwa cha kuokotezaokoteza na kila kitu kwao kilikuwa "yule", mpaka meza na baiskeli, walisema "yule" tangu mwanzo, na Azza akiwasahihisha. Baada ya muda akaacha kuwasahihisha. Halafu Aflah akasema "huyu". Halafu Khelef, anayejisifu kwa Kiswahili chake cha Unguja, akasema, "Mwambie yeye."

Alkhamisi iliyofuata Bi Ghaniya alikaa kwenye busati na watu wa nyumbani, jambo ambalo halikuwahi kutokea wakati chakula kingali kinapakuliwa. Kwa mara ya kwanza akajiona kwa nyuma. Alimuona mwanamke mwenye mabega ya kuteremka anaingia na sinia ya wali wa nyama, na mtoto wake wa kumzaa anamwambia, bila ya kuinua macho kwenye simu, "Achari." Alimuona anarudi jikoni. Anakuja na achari. "Na maji baridi." Anarudi. Hakuna aliyesema ahsante, na kwa hakika hakuna aliyekuwa na ubaya. Walisema naye kama mtu anavyosema na bomba. Mkewe Aflah alikuwa mtu wa adabu, alisogeza mguu ili apite.

Mara ya mwisho uchovu uliingia na sinia ya matunda, ukasinzia umesimama katikati ya busati. Watu wakanyoosha mikono, wakachukua mapapai na ndizi kutoka kwenye sinia ile ile, bila ya kuutua.

Bi Ghaniya akasukuma sahani yake kando.

"Huyu anataka kulala," alisema.

"Nani?" akauliza Khelef.

"Huyu. Mie. Hamumuoni? Hivi ndivyo nilivyokuwa mie, na nyote mlikuwa mmekaa hapa hapa."

Aflah alikuwa na ndizi mdomoni, akangoja aimeze.

"Lakini mama, weye si umeshapumzika?" alisema Azza kwa upole. "Tizama uso wako ulivyonawiri. Mwache yeye afanye. Ndio kazi yake."

"Dawa imefanya kazi, khalas," alisema Khelef. "Mtu analalamika kwa kuugua, na akipona analalamika?"

Bi Ghaniya akanyanyuka, akaipokea sinia, akaushika uchovu mkono na kuupeleka jikoni. Akaukalisha juu ya gunia la mchele. Ulikuwa baridi. Nje walisikika wanacheka, wameshaanza habari nyengine.

"Nirudishe," uchovu ukasema.

"Nikurudishe vipi?"

"Nikumbatie tu. Mlango upo hapo hapo mgongoni."

"Kwani hapa nje pana nini?"

"Nilipokuwa ndani yako, ukilala, nnalala. Sasa nitalala vipi? Mie ndio uchovu wenyewe. Wa kulala ni weye." Ulisema haya bila ya kulaumu, kwa sauti ya mtu anayekumbusha kuwa gesi inakaribia kwisha. "Huku nje hawanipi hata muda wa kufumba macho. Ndani japo tulikuwa tunagawana."

Bi Ghaniya akauwekea mkono begani. Papo hapo kiganja kikawa kizito, halafu kiwiko, halafu bega, kama anavyobebeshwa mtu blanketi lililorowa. Magoti yakakumbuka sakafu. Akauona unga wa kesho, na nguo za Aflah, na zamu ya falaji, na Bi Kaltham wa kugeuzwa. Akautoa mkono.

"Inshallah kesho," alisema.

Alisema "inshallah" kwa sauti ile ile ya Khelef anapoombwa kubadilisha mtungi wa gesi, na alijisikia anavyoisema.

Asubuhi akakodi teksi mpaka Ibra.

Ibra alikuwepo dada yake, Bi Mahfudha, mjane, mwenye nyumba ndogo na paka wengi. Bi Mahfudha hakuwahi kunywa Rahat al-Badan. Alikuwa akilala anapotaka kulala, na chakula akipika cha mtu mmoja.

"Umeuwacha kwao?" akauliza, baada ya kusikia habari yote.

"Wamefurahi nao."

"Ungekuja naye."

"Nilikuja kupumzika, dada. Nikija naye nitapumzika vipi?"

Bi Mahfudha akamtazama, kisha akamtandikia kitanda.

Bi Ghaniya alilala mpaka jua likafika ukutani. Alikula samaki wa Sur aliyepikwa na mtu mwengine. Aligundua kuwa anapenda kuimba na kuwa hajui maneno ya wimbo wowote mpaka mwisho. Alingoja simu. Mara ya kwanza simu ilipotoa mlio ilikuwa picha, Azza kaituma kwa jamaa wote: chakula cha mchana, watoto, Khelef, na nyuma yao mwanamke amebeba sinia. Chini Azza ameandika: Mama, Mungu akuweke.

Akampigia Khelef.

"Khelef, mie niko Ibra."

"Ibra vipi? Si ndio weye unanikanda miguu hapa."

Bi Ghaniya akaibana simu sikioni. Alisikia kweli, upande wa pili, ule mlio wa mafuta ya nazi mikononi.

"Basi mwambie asikande sana. Vidole vinamuuma."

"Nani?"

"Basi, Khelef."

Alilia jioni ile, na Bi Mahfudha akakaa karibu yake na paka. Alililia jambo moja tu: kuwa ameondoka na hakuna aliyepungukiwa na kitu. Yule waliyekuwa wakimjua, wakimpenda kwa namna yao, ndiye huyo aliyebaki. Yeye, huyu wa kupanda paa na kutazama jabali, walikuwa hawajawahi kuonana naye. Asubuhi macho yake yalikuwa mazuri tena. Kulia hakukumchosha, hakuna kilichomchosha.

Marzouq alifika mlangoni kwa Bi Mahfudha na mkoba wake wa ngozi. Alikuwa na shida. Ibra pana soko la wanawake, kila Jumatano, wanawake wanauza na wanawake wananunua, mwanamume hapiti. Marzouq alikuwa ameshajaribu kupita akafukuzwa na bibi mmoja muuza udi. Na wanawake waliochoka wote wa mkoa wa Sharqiya, kutoka Al Qabil mpaka Bidiya, walikuwa ndani ya soko hilo.

"Bi Ghaniya," akasema, "weye ndio dawa yenyewe inatembea. Kaa nao tu. Wakuone."

"Niseme nini?"

"Sema kweli."

Na Bi Ghaniya alisema kweli. Jumatano alikaa kwenye kiti baina ya wauza khanjari za watoto na wauza mafuta ya nywele, chupa za kahawia zimepangwa mbele yake, uso wake umenawiri, akasema, "Nilikuwa nachoka. Sasa sichoki." Haikuhitajika zaidi. Wanawake walisimama mbele yake na vifurushi vyao, wakamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyerudi Makka.

Siku moja akaja mwanamke kijana anayeitwa Lamees, mwalimu kutoka Al Qabil, na mtoto mchanga kifuani na mwengine kashika abaya yake. Akaigeuza chupa mkononi.

"Na uchovu wenyewe unakwenda wapi, shangazi?"

"Hauendi. Unabaki nyumbani, unafanya kazi."

"Na unalala?"

Mtoto mkubwa alikuwa akivuta abaya. Bi Ghaniya akainama kuzipanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Hilo sijui, mwanangu," alisema.

Lamees akanunua. Baada ya muda akarudi, na akarudi tena, peke yake, akitaka chupa ya tatu. Yule mchovu wake wa kwanza anapika na kufua, alieleza, na wa pili anakaa na watoto, lakini mama mkwe amehamia kwao na mumewe ameona ni bora apatikane na wa tatu. Lamees mwenyewe alizidi kuwa mwepesi kila alipokuja. Mara ya mwisho upepo wa feni uliusogeza mkono wake, na ikabidi Bi Ghaniya amshike asipeperuke.

Bi Mahfudha akaacha kuuliza habari za soko. Alipika, akala na dada yake, akazungumza na paka.

Skukuu ya Iddi Bi Ghaniya alikwenda Birkat al Mauz na masanduku ya halwa, ndani ya abaya mpya ya nakshi. Khelef alimfungulia mlango. Alimjua, hapana shaka. Alimjua kama anavyojulikana jamaa aliyehamia mbali na akafanikiwa.

"Karibu, karibu. Kullu am wa antum bikheir. Umependeza."

Wajukuu wakaja kumpa mkono. "Shikamoo, shangazi," wakasema.

"Marahaba," alisema Bi Ghaniya.

"Si shangazi huyo, ni bibi yenu," Azza akawaambia.

"Bibi yuko jikoni," alisema mdogo wao, na Azza akafikiri kidogo, akaona kuwa mtoto hakukosea.

Ndani chumbani Bi Kaltham alisikia sauti. "Ghaniya? Umerudi, mwanangu? Huyu uliyeniachia ana mikono ya baridi. Njoo unigeuze weye, japo mara moja."

"Nakuja, mama," Bi Ghaniya akajibu, na akakaa sebuleni, mahali pa mgeni, kwenye mto mzuri. Baada ya muda wakasikia miguu ya kuburura inaingia chumbani kwa Bi Kaltham, na kizee akanyamaza.

Wakazungumza. Khelef alisimulia zamu yake ya falaji. Aflah aliuliza habari za biashara, na kama Marzouq anatafuta mshirika. Kisha uchovu ukaingia na kahawa, birika mkono wa kushoto, vifinjani mkono wa kulia. Ulikuwa umekonda. Kanga yake ilikuwa ile ile. Ukamimina, ukampa Bi Ghaniya wa kwanza, kwa kuwa ndiye mgeni, ukabaki umesimama mbele yake, kwa sababu desturi ya huko ni kuwa anayemimina haketi wala haondoki mpaka mgeni atikise finjani, ishara kuwa ametosheka.

Bi Ghaniya akanywa. Alikuwa anamueleza Aflah kuwa soko la Sur ni kubwa kuliko la Ibra, na kuwa Marzouq anafikiria chupa ya plastiki. Akanyoosha finjani bila ya kutikisa, ikajazwa. Akainywa, akanyoosha tena. Aliona kwa pembe ya jicho yale magoti, na alijua yanavyouma, kila moja na namna yake, la kulia zaidi. Akaendelea na habari za plastiki.

"Kahawa imepoa," alisema, akarudisha finjani.

"Samahani, bibi," uchovu ukasema, ukaenda kuipasha moto.